Anayefinyanga Kongolo aandike jina lake chini ya chungu

Mtu anayekusanya vyombo vya maua vya Italia ana desturi moja. Kabla ya kuuliza bei, anakigeuza chombo juu chini na kutazama kitako chake. Anatafuta maandishi: neno "Italy", namba iliyoandikwa kwa brashi, alama ya kiwanda, au sahihi ya mbunifu. Vyombo viwili vinaweza kuwa na umbo moja, urefu mmoja na rangi moja. Kile chenye jina kitagombaniwa mnadani, na kile kisicho na jina kitabaki pambo la mezani.

Chungu kilichofinyangwa katika kijiji cha teritwari ya Kongolo, jimboni Tanganyika, kikigeuzwa namna hiyo hiyo, chini yake kuna masizi tu. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna mwaka. Mama aliyekifinyanga anajulikana kwa majirani zake, lakini chungu kikishavuka Lualaba, ni kama hakuna aliyekifanya. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na dawa yake haihitaji mfadhili wala mkutano wa Kinshasa.

Waitalia walianza na udongo tu

Wengi wanafikiri thamani ya vyombo vya Italia inatoka kwenye mitambo au kwenye udongo wa pekee. Sivyo. Montelupo Fiorentino ni mji mdogo karibu na Firenze, na kwa karne nyingi watu wake walifinyanga sahani, magudulia na mitungi ya kawaida. Mwaka 1921 familia ya Bitossi ilifungua kiwanda hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiongozi wa ubunifu wa kiwanda hicho, Aldo Londi, alitoa vyombo vya rangi ya buluu nzito vilivyopigwa mihuri midogo midogo kwa mkono wakati udongo ungali mbichi. Vilipewa jina la Rimini Blu, na mpaka leo vinatafutwa.

Katika miaka ya 1950 akaja Ettore Sottsass, msanifu majengo, akachorea kiwanda hicho vyombo vya maumbo mapya. Kabla yake, mwaka 1923, msanifu mwenzake Gio Ponti alikuwa amekwisha kushika uongozi wa sanaa katika kiwanda cha Richard-Ginori, ambacho asili yake ni mwaka 1735. Hao wote hawakuleta udongo kutoka mbinguni. Walileta mawazo mapya, na pamoja na mawazo hayo wakaleta kitu ambacho wafinyanzi wa zamani hawakukijali: kumbukumbu. Iliandikwa nani alibuni, wapi, mwaka gani, kwa ajili ya nani. Michoro ikahifadhiwa. Ndiyo maana miaka 60 baadaye mnunuzi wa Milano au wa New York anaweza kulipa bila woga, kwa sababu anajua ananunua nini.

Hata huko, haki haikutimia yote. Jina linalopandisha bei ni la mbunifu aliyeshika kalamu. Fundi aliyekaa kwenye gurudumu akakivuta chombo kwa vidole vyake, na yule aliyelinda moto wa tanuri, mara nyingi hawatajwi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, yaani yeye anayewatengenezea wengine vyombo hubaki kula kwenye kigae. Msemo huo unaeleweka Montelupo kama unavyoeleweka Kongolo. Tofauti ni kwamba Italia waliandika angalau jina moja. Kongolo hawajaandika hata moja.

Ufundi haukukosekana

Asije mtu akasema kwamba huku hakukuwa na cha kuandikwa. Mtu akipanda mto Lualaba kutoka Kongolo, akapita Kabalo na kuendelea kusini, atafika ziwa Kisale katika jimbo la Haut-Lomami. Pale Sanga, kando ya ziwa, Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958 walichimba makaburi ya kale, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Walikuta wafu wamezikwa na vyungu vizuri sana, vyenye shingo, midomo na michoro iliyopangwa kwa uangalifu. Katika makaburi ya watoto, vyungu vilikuwa vidogo. Vyombo hivyo, vinavyoitwa vya Kisale, vingi ni vya kati ya karne ya 10 na ya 14. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiwaza kiwanda cha Bitossi.

Hao wafinyanzi wa Kisale wamekufa bila majina, na hakuna wa kulaumiwa, maana maandishi hayakuwepo. Lakini kuna waliofuata ambao majina yao yangeweza kuandikwa na hayakuandikwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa mchonga mbao. Katika karne ya 19, mahali ambapo Waluba na Wahemba wanakutana, aliishi fundi aliyechonga viti vya machifu na sanamu zenye nyuso ndefu, za huzuni, ambazo ukiona moja utaitambua ya pili. Mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, ndiye aliyeona kwamba kazi hizo zilizotawanyika Ulaya zinafanana kama zimetoka kwenye mkono mmoja. Akaziita za Buli, kwa jina la kijiji ambako baadhi zilitoka. Hivyo dunia ikamjua "Bingwa wa Buli". Metropolitan Museum ya New York ilinunua kiti chake mwaka 1979. Baadaye watafiti walitaja jina la Ngongo ya Chintu kuwa huenda ndiye, lakini neno "huenda" halitaondoka kamwe. Mtu mmoja angemuuliza mwenye kiti siku kilipochukuliwa, leo jina lingekuwa la uhakika.

Sanamu za Wahemba, zinazoitwa singiti, zina kisa kama hicho. Kila moja ilikuwa ya babu fulani, na familia ilijua ni nani na ukoo wake unapita wapi. Katika miaka ya 1960 na 1970, nyingi zilitoka vijijini upande wa Kongolo zikaingia mikononi mwa wafanyabiashara, na kutoka hapo zikafika Brussels, Paris na Marekani. Mwaka 1977 François Neyt, mtaalamu Mbelgiji, alitoa kitabu kikubwa juu yake. Ndani yake sanamu zimepangwa kwa mitindo na maeneo. Majina ya mababu wengi hayamo. Hayakupotea kwa sababu wazee waliyasahau. Yalipotea kwa sababu aliyenunua hakuuliza, na aliyeuza hakutaka kuulizwa.

Jina linageuza nini

Kuna Mwafrika Mashariki mmoja anayeonyesha jina linaweza kufanya nini kwenye udongo. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma mwaka 1971. Katika miaka hiyo ya 1970 alikwenda Abuja, nchini Nigeria, kwenye karakana iliyoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na huko akajifunza kutoka kwa mama mfinyanzi Ladi Kwali. Huyo Ladi Kwali alianza kwa kufinyanga mitungi ya maji kijijini kwake, kama mama yeyote. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Odundo hatumii gurudumu. Anapanda chombo kwa mkono, anaongeza udongo kidogo kidogo, anakisugua mpaka king'ae, halafu anakichoma. Moto wenye hewa ya kutosha unakitoa kikiwa chekundu. Moto ulionyimwa hewa unakitoa kikiwa cheusi. Mama yeyote aliyewahi kufunika chungu kwa majani mabichi ili kipate weusi anajua kazi hiyo. Vyombo vya Odundo viko British Museum, na mnadani vimeuzwa kwa zaidi ya pauni 200,000 kimoja.

Hakuna anayedai kwamba kila chungu cha Kongolo kingefika bei hiyo. Odundo ana macho yake na miaka yake 50 ya kazi. Lakini njia ya mkono ni ileile, na udongo si bora kuliko wa Lualaba. Kazi yake ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina ambalo mnunuzi analiona.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: Tanganyika imeona vita, watu wamekimbia vijiji, barabara ni mbovu, shule hazina madawati, nani ana wakati wa kuandika juu ya vyungu? Hoja hiyo ina uzito. Lakini ni vita hivyo hivyo vinavyoharakisha upotevu. Mtu anayekimbia habebi mtungi kichwani. Anabeba mtoto, godoro na bidoni. Akirudi anakuta vigae, na bidoni la njano limechukua mahali pa mtungi. Msichana aliyekulia kambini hakumwona bibi yake akichimba udongo wala akiuchekecha. Mlolongo ukikatika kwa kizazi kimoja, hakuna mradi utakaouunga tena. Isisahaulike pia kwamba mtungi wa udongo unapoza maji bila umeme, kwa sababu unatoa jasho kidogo kidogo na hewa ikipita unapoa. Mahali pasipo na umeme wa uhakika, hicho si kitu cha kudharau.

Wengine watasema kwamba kuandika jina ni tabia ya wazungu. Chungu ni cha ukoo, si cha mtu. Ukweli ni kwamba kijijini jina halikuandikwa kwa sababu halikuhitajika. Kila mtu alitambua mkono wa mfinyanzi kwa mdomo wa chungu na kwa mistari ya shingoni. Maandishi yanahitajika pale chombo kinapowafikia watu wasiomjua mfinyanzi. Na siku hizi kila kitu kinasafiri.

Kuna sababu nyingine inayogusa nchi nzima. Mwezi Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Mwezi Juni mwaka huo Mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, tena kwa mkopo usio na mwisho, na Julai ikatoka sheria ya Ubelgiji juu ya kurudisha mali za aina hiyo. Mazungumzo hayo yanaendeshwa kwa ushahidi: kitu kilitoka kijiji gani, kwa nani, kwa njia gani. Anayekuja mezani bila jina la kijiji wala la fundi anategemea kumbukumbu za yule yule aliyechukua.

Kinachowezekana mwezi huu

Jambo la kwanza ni la wafinyanzi wenyewe. Kabla udongo haujakauka, kwa msumari au kijiti, waandike chini ya chungu: jina, kijiji, mwaka. Asiyejua kuandika achague alama yake, na alama hiyo iandikwe mahali pamoja na jina lake.

La pili ni la walimu na maparokia. Daftari moja la shule linatosha kwa kijiji kizima. Wanafunzi wawaulize wamama na mabibi: nani alikufundisha, udongo unachimbwa wapi, chungu hiki kinaitwaje kwa Kihemba au kwa Kiluba, kile cha pombe kinatofautianaje na kile cha maji. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe ofisi ya teritwari, na ya tatu Kalemie.

La tatu ni la wanaonunua. Ofisi za jimbo, hoteli na makanisa ya Kalemie hununua vyombo vya maua vya plastiki vilivyotoka mbali. Gavana akiweka mezani kwake chombo kimoja chenye jina la mama wa Kongolo chini yake, wageni watauliza kinapatikana wapi.

La nne lisichanganywe na hayo. Chungu kipya chenye jina ni cha kuuzwa, na faida ni ya aliyekifinyanga. Vitu vya kale vya ukoo ni jambo jingine. Tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, na kijana anayempa mfanyabiashara sanamu ya babu yake kwa dola chache anarudia kosa la miaka ya 1970. Picha moja ya simu na jina la mwenyewe, vikihifadhiwa vizuri, vinaweza kumrudisha babu huyo nyumbani siku moja.

Waitalia hawakusubiri vyombo vyao viwe ghali ndipo waviandike. Viliandikwa vikiwa bidhaa ya kawaida ya sokoni, na bei ikafuata. Bado wapo wamama Kongolo wanaojua udongo mzuri uko wapi na moto unatakiwa kuwaka namna gani. Waulizwe majina yao wakiwa hai.