Simu ya Teja Isikatwe



Ndugu Waislamu, nchini Marekani iko huduma ya simu iitwayo Never Use Alone. Mtu aliyekwisha kuamua kutumia unga akiwa peke yake hupiga, hueleza alipo, na mhudumu hubaki naye kwenye laini. Akinyamaza asiitike, mhudumu huita gari la wagonjwa. Basi. Sababu yake ni ya kitabibu: heroini ikizidi mwilini hupunguza pumzi hata ikazikata, na aliye peke yake hana wa kumwokoa. Iko dawa ya naloksoni, ya kuchomwa sindano au kupuliziwa puani, iwezayo kurejesha pumzi kwa dakika chache, lakini aliyezidiwa hawezi kujitia mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wapatiwe naloksoni wale wanaoweza kuwa karibu naye, wakiwemo jamaa na watumiaji wenzake.

Muislamu mwenye uchungu na dini yake atauliza: je, huku si kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 2? Swali ni la haki. Unga ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini sura hiyohiyo, katika aya ya 32, inamhesabu mwenye kuokoa nafsi moja kuwa kama aliyewaokoa watu wote, wala haikuweka sharti kwamba nafsi hiyo iwe ya mchamungu. Anayepokea simu hakununua unga wala hakuutayarisha. Dhambi imeamuliwa kabla hajapigiwa, na kilichobaki mikononi mwake ni roho ya mtu.

Imam Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, akabainisha kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipewa, laana hakupewa. Sisi barazani laana tunaigawa bure, na wala hatuna habari kama kijana yule alilala salama jana.

Waislamu wenzetu wamekwisha kutangulia. Huko Kuala Lumpur, Malaysia, msikiti wa Ar-Rahman ulianza mwaka 2010 kutoa methadoni kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Malaya. Kwetu, dawa hiyo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na kufikia 2015 ikawa imefika Zanzibar na pwani ya Kenya. Ni neema kubwa. Hata hivyo umbali unawashinda wengi, kwani kwa desturi methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na aliyekosa nauli leo, arosto haimsubiri mpaka kesho. Marekani, wakati wa korona, Machi 2020, iliruhusu wagonjwa waliotulia kuchukua nyumbani dozi za hadi siku 28, na mwaka 2024 ikaifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu. Tunaona wizara zetu zilitazame jambo hili, kwa tahadhari, maana methadoni ikiachwa ovyo nyumbani yaweza kumwua mtoto.

Misikiti nayo isingoje wizara. Kamati ichague vijana wawili watatu wenye kutunza siri, iwaombee mafunzo katika hospitali ya wilaya namna ya kumtambua aliyezidiwa, kumpulizia pumzi na kumlaza kwa ubavu, kisha iwape simu moja isiyozimwa usiku. Na imamu, baada ya swala ya Ijumaa, aitangaze namba hiyo waziwazi, akieleza kwamba atakayepiga hataulizwa ni mtoto wa nani, wala hatapelekwa polisi.