Vita havina macho, askari anayo

Kiswahili kina jina la vita ambalo mimi sijapata bora kuliko hilo: vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jina hilo halituambii nani mwenye haki wala nani mwasi. Latuambia tu kwamba wanaouana ni wa nyumba moja. Nimelitafakari sana tangu mwanafunzi mmoja aliponitupia swali darasani: je, askari anayemwona adui kisha akakataa kumpiga risasi ni mwungwana au ni msaliti?

Swali lilizuka tulipokuwa tukisoma maandishi ya George Orwell, yule ambaye wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walimfahamu kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Kabla ya kuitunga hadithi hiyo, Orwell alikuwa askari. Vita vya Uhispania vilianza Julai 1936, majenerali walipoiasi serikali ya Jamhuri. Desemba mwaka huo Mwingereza huyo aliwasili Barcelona, akajiunga na wanamgambo wa chama cha POUM, akapelekwa Aragon kupigana na Wafashisti.

Katika kitabu chake, Homage to Catalonia cha mwaka 1938, msomaji anayetarajia bendera na tarumbeta hatazipata. Atakuta baridi kali, chawa, uhaba wa kuni na bunduki kuukuu iliyoundwa mwaka 1896. Lakini kilichonivuta mimi, mwanaisimu, ni sauti. Mahandaki ya pande mbili yalitazamana ng'ambo ya bonde, na askari wakaitana kwa vipaza sauti. Mmoja wa upande wa Orwell aliwasimulia maadui habari za mkate uliochomwa na kupakwa siagi, ilhali yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alieleweka kila neno, maana lugha ilikuwa moja. Huo ndio msiba wa vita hivi: matusi hayahitaji mkalimani, wala kilio cha anayekufa hakimhitaji.

Katika insha aliyoiandika miaka michache baadaye, Orwell alisimulia jinsi alivyonyemelea handaki la adui alfajiri moja karibu na mji wa Huesca. Mara mtu akachomoka, akakimbia waziwazi juu ya ukingo, nguo hazijamkaa sawa, ameishikilia suruali kwa mikono miwili isimwanguke. Orwell hakufyatua. Alikiri kwamba hakuwa hodari wa shabaha, lakini alikiri pia kwamba ile suruali ilimzuia. Mtu anayeshikilia suruali yake si "Mfashisti" tena. Ni kiumbe kama wewe.

Mwanafunzi wangu alishikilia kwamba askari huyo alikosea. Unayemwacha leo, akasema, ndiye atakayekuua kesho. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tarehe 20 Mei 1937, Orwell alipigwa risasi ya koo, na kwa muda wa miezi kama miwili hakuweza kunena ila kwa kunong'ona.

Hata hivyo, sikubaliani na mwanafunzi wangu. Orwell hakuacha vita kwa sababu ya suruali, wala hakudai kwamba tukio lile lilithibitisha jambo kubwa. Mimi naona lilithibitisha hili: neno "Mfashisti" lilitosha kumtoa kwao hadi Uhispania, lakini halikutosha kumvutisha kifyatulio mbele ya mtu aliyemwona. Wahenga walinena kwamba vita havina macho. Naongeza kwamba aghalabu huwa ni maneno yaliyotangulia kuyafumba.

Sisi Wakenya si wageni wa maneno hayo. Katika ghasia za miaka ya 1990, na tena wakati wa uchaguzi wa 2007, tulisikia majirani wakiitwa "madoadoa" katika Bonde la Ufa. Doa haliuawi, hufutwa. Ndiyo maana neno hilo lilimfaa mchochezi: lilimwezesha mtu kuua huku akidhani anafanya usafi. Ghasia zilipotulia mwaka 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Ni hatua njema, lakini orodha haitoshi, kwa kuwa mchochezi hakosi neno jipya.

Kazi iliyobaki ni yetu walimu. Tunapowapa wanafunzi insha kuhusu vita, tuache kuwatuza alama kwa risasi zilizomiminika kama mvua na adui aliyefyekwa kama nyasi. Tuwaulize: adui huyo alikuwa nani? Alikuwa amekula? Alikuwa amevaa nini? Nanyi wanafunzi, mkisikia mwanasiasa akiwapa jina jipya la kumwita jirani, lipimeni kwanza kwa macho yenu kabla halijaingia vinywani mwenu. Ulimi hauna mfupa, lakini umevunja mifupa mingi.