Ukano Usiitwe Mshipa

Aghalabu mwanariadha aumiapo nyuma ya kisigino huambiwa kwamba mshipa umekatika. Mshipa upi? Wa damu, wa fahamu, au ukano uunganishao msuli na mfupa? Kiswahili kinalo neno mahususi, ila wasemaji wengi wamelitelekeza.

Utelekezaji huo una gharama. Ukano si njia ya kupitishia damu. Ni mafungu ya nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizojipanga sambamba na mvuto wa msuli. Nyuzi hizo zina mikunjo midogo ambayo hunyooka kwanza ukano uvutwapo; ndipo ukano hukakamaa. Baina yake mna ute wa maji na protini zilizoshikamana na sukari, unaozisaidia kuteleza na kugawana mzigo. Maji pekee ni zaidi ya nusu ya uzito wa ukano. Kwa hivyo, uimara wake hautokani na nyuzi peke yake.

Ukano ukikatika, mwili hufuma kwanza kolajeni nyembamba, isiyopangika vyema. Kamba hukatikia pabovu. Arejeaye mbioni mapema hujihatarisha. Lakini atajihadhari vipi ikiwa hata jina la kilichoumia halijui?

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wasitosheke kuorodhesha istilahi kamusini. Sharti neno ukano lisikike darasani, zahanatini na katika matangazo ya michezo. Istilahi isiyotumiwa ni uzi usio na ute: upo, lakini haubebi mzigo.