Ndoa Si Kibali cha Kubaka

Kila inapotajwa haja ya kumlinda mke aliyebakwa na mumewe, husikika sauti zikidai kuwa hayo ni mambo ya kigeni yanayokuja kuvunja mila zetu. Wasemao hivyo hawana budi kuulizwa: hiyo kinga ya mume imetoka wapi?

Haikutoka kwa wazee wetu. Imetoka Uingereza, kwa jaji Matthew Hale aliyefariki mwaka 1676. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1736, alidai kuwa mwanamke akishakubali kuolewa amejitoa kwa mumewe, wala hawezi kuiondoa ridhaa hiyo. Hakutaja hukumu hata moja kuthibitisha madai yake. Hata hivyo maneno hayo yakapanda merikebu. Yakaingia katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, na Waingereza walipoitwaa Tanganyika wakaitumia kanuni hiyo hapa tangu 1920, hadi walipoleta nyingine mwaka 1930. Hayo ndiyo tunayoambiwa ni mila ya Mwafrika!

Hapana shaka Bunge letu lilifanya kazi kubwa mwaka 1998. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Tena iliruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyebakwa peke yake, ikiridhika kuwa anasema kweli. Zamani desturi ya mahakama, nayo ya Kiingereza, ilikuwa kudai ushahidi mwingine wa kumuunga mkono. Lakini katika kifungu cha 130 yakaachwa maneno yanayosema kuwa anayebakwa ni mwanamke asiye mke wa mtuhumiwa, au mke aliyetengana naye. Yaani mke aliyekwisha kufukuzwa analindwa, bali yule anayelala chini ya paa la mumewe halindwi. Hata binti wa miaka 15, akiisha kuozwa, anatoka katika hifadhi wanayopewa wenzake wote hadi watimize miaka 18.

Jambo la ajabu ni kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kilikwisha kumnyima mume haki ya kumwadhibu mkewe kwa kipigo. Kwa hiyo mume haruhusiwi kumchapa mkewe fimbo, ila akimbaka sheria haioni ubakaji.

Wapo wanaouliza ushahidi wa chumbani utapatikanaje. Je, ubakaji upi hufanyika mbele ya mashahidi? Mahakama zetu zimezoea kupima neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Waingereza wenyewe walilizika dai la Hale mwaka 1991. Ndugu zetu wa Namibia, waliopata uhuru mwaka 1990, walitamka katika sheria yao ya mwaka 2000 kuwa ndoa si utetezi kwa mbakaji. Kwetu yanayotakiwa kufutwa katika kifungu cha 130 ni maneno machache tu, na wenye kalamu ya kuyafuta wamo bungeni Dodoma.