Programu Huria Zitangazwe kwa Karatasi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo jipya. Kompyuta ya namna hiyo, iwe katika shule ya Newala au katika ofisi ya chama cha msingi cha korosho Masasi, bado ni nzima, na kuitupa ni hasara ambayo hatuna sababu ya kuikubali.

Njia ipo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, huendesha hata mashine kuukuu. Na LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, huandika barua na kupiga hesabu. Hizi ni programu huria: mwenye nazo anaruhusiwa kuzinakili, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Fundi ambaye leo ananakili programu za watu kwa kificho, kinyume cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, angeweza kuifanya kazi hiyo hiyo mchana kweupe.

Lakini mwananchi atajuaje? Asiye na bando hawezi kutafuta kitu ambacho hata jina lake hajalisikia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo, kazi njema ya Dar es Salaam haipandi yenyewe mpaka Kitangari.

Kwa hiyo tunasema vichapwe vipeperushi. Karatasi si jambo geni kwetu: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio na vitabu vya Kiswahili, ikawafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma, na vyoo vikachimbwa. Mitambo ya kuchapa nayo haiko mbali, Ndanda ipo.

Ila kipeperushi kiseme kweli. Kieleze kwamba huria si bure tu, maana wapo watakaodhani kitu cha bure ni kibovu. Kikiri kwamba printa nyingine husumbua, na kwamba barua iliyoandikwa kwa Word huweza kupoteza mpangilio wake kidogo. Zaidi ya yote, kimtaje fundi mwenye nakala tayari kwenye flashi, kwani mfumo mzima wa Linux hupimwa kwa gigabaiti, na si haki kumtaka mwalimu aununue kwa bando lake. Kipeperushi kisichotaja pa kwenda kitaishia kufungia karanga.

Tunawaomba wenye steshenari wa Masasi na Newala watoe nafasi ukutani, karibu na mashine ya fotokopi, ambapo walimu na makarani husimama kungoja zamu. Nusu karatasi yatosha, nayo ibandikwe kabla shule hazijafunguliwa Januari.