Nyumbani Mwetu: Amplifaya Isiyolala

Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja akaaye katika nyumba za askari. Mumewe, ambaye sasa yuko kazini mbali, alinunua amplifaya na spika mbili kwa akiba ya miaka miwili. Siku ya kuondoka alimwonya asiizime kamwe, kwa kuwa chombo hicho, alisema, huharibika kwa kuwashwa na kuzimwa. Mama anaandika kwamba uniti za umeme hazifiki mwisho wa mwezi, kifuniko cha chombo ni cha moto usiku kucha, na watoto wanalala kando yake. Anauliza: "Je, nikiizima nitakuwa nimemvunjia heshima bwana yangu, au nitakuwa nimeitunza mali yake?"

Kwanza tumtendee haki bwana huyo, kwani neno lake lina asili. Zamani amplifaya zilitumia vali, yaani chupa za kioo zenye waya unaowaka ndani. Waya huo ukiwa baridi hupokea umeme kwa kishindo, nao hutanuka na kusinyaa kila uwashwapo na kuzimwa. Wahandisi wa Marekani walioiunda kompyuta ya ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1946 ikiwa na vali karibu 18,000, waliona kwamba vali nyingi hufa wakati huo huo wa kuwasha na kuzima. Kwa hiyo waliiacha ikiwaka. Lakini ile ilikuwa mashine ya kazi, si chombo cha sebuleni. Vali nazo zina umri wake wa saa elfu chache, na mwaka mmoja una saa 8,760. Aiachaye ikiwaka bila kuisikiliza anautumia umri huo bure.

Amplifaya nyingi za siku hizi ni za transista, na adui yake mkubwa ni joto. Ndani yake mna kapasita zenye majimaji ya kemikali, ambayo hukauka polepole. Mafundi hukadiria kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 za Sentigredi, maisha ya kapasita hizo hupungua kwa nusu.

Sasa tuangalie mkoba. Amplifaya inayokula wati 40 bila kupiga muziki hutumia karibu uniti 29 kwa siku 30. Ikiwashwa saa tatu tu kila siku, haifiki uniti nne. Uniti 25 zilizobaki zingepiga pasi sare za bwana na za watoto wa shule.

Kuna na hatari kubwa zaidi. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa nguvu, chombo kilichoachwa wazi ndicho kinachopigwa. Radi nayo haizuiliwi na swichi; mawingu yakitanda, chomoa plagi ukutani pamoja na waya wa antena. Na ule utambi mzuri wa kufuma tunaoutandika juu ya chombo huziba matundu ya kupumulia, na joto likikosa njia huweza kuzaa moto. Uondoe leo.

Kwa hiyo, mama, jibu letu ni hili: izime, lakini izime kwa utaratibu. Punguza sauti hadi chini. Zima amplifaya kwanza, kisha redio au kinanda cha kaseti. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho, ili spika zisipigwe na mshindo. Wapendao sauti safi waiache ipate joto kwa nusu saa kabla ya kusikiliza, yatosha. Na kwa kuwa bwana hayupo, iwashe saa moja kila mwezi, isikae kimya muda mrefu mno.

Kuhusu heshima, usiizime kwa siri. Mpigie simu, umweleze hesabu ya uniti na mahali walalapo watoto. Askari anajua kwamba mlinzi asiyepumzika huishia kusinzia zamu. Alichokukabidhi si taa nyekundu inayowaka usiku kucha, bali nyumba yake, na amri ya kwanza ya nyumba ni kuwakuta wote salama siku atakaporudi.

Hadi juma lijalo, tuwatakie amani nyumbani.