Kabla ya kisu, makohozi yaoteshwe

Mwandishi, kwenye makala yako ya upasuaji wa pafu kuna hatua umeiruka. Kwa sisi wa Manyamanyama, Bunda, kabla ya kuzungumzia kukata pafu, swali ni hili: mgonjwa amejulikanaje kuwa ana bakteria jamaa wa TB na si TB yenyewe? Kwenye hadubini wote wanafanana. Kipimo cha GeneXpert kikisema hakuna TB na hadubini bado inaona vijidudu, au dozi ya TB imeisha na kikohozi kipo palepale, makohozi yaoteshwe maabara. Tena si mara moja, maana bakteria hawa huishi kwenye maji na udongo. Kuonekana mara moja si lazima kuwe ugonjwa.

Upasuaji nao si njia ya kukwepa vidonge. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unaupendekeza kwa wagonjwa wachache tu, kama nyongeza ya dawa: dawa zimeshindwa, mtu anakohoa damu, au pafu lina tundu. Anayefaa zaidi ni yule ambaye ugonjwa wake umekaa sehemu moja na pafu litakalobaki linamudu kazi. Mwenye makovu ya TB pande zote mbili anaweza asifae kabisa. Dawa huanza kabla ya kisu na kuendelea baadaye, kwa kawaida miezi 12 tangu makohozi yawe safi.

Makala ijayo utueleze gharama, na bima inalipa nini. Wa Bunda tunaanzia hapo.